Kikombe cha maji ya chumvi, saa mbili usiku

Kikombe kiko mezani. Maji ni vuguvugu, chumvi imeyeyuka, na mama aliyekitayarisha amekaa kando anangoja. Ni nyumba ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Umoja, Nairobi, saa mbili usiku. Kijana aliye kwenye kiti aling'olewa magego mawili ya mwisho saa nane mchana. Shavu limeanza kujaa, na mdomo wa chini umeshatoka kwenye ganzi.

"Sukutua vizuri, baba. Itoe hiyo damu yote."

Kijana anasukutua. Mara tatu, kwa nguvu, akitema kwenye sinki kila mara. Mara ya tatu inatoka damu mpya, nyekundu, nyingi kuliko ya jioni nzima.

Picha hii imekataa kuniacha kwa wiki kadhaa, kwa sababu mama huyo hajakosea dawa. Dawa ni yenyewe. Kesho jioni, kikombe hicho hicho kitakuwa kitu bora kuliko vyote ndani ya nyumba. Kosa ni la saa tu.

Na karatasi ya maagizo kutoka kliniki imo mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne. Imeandikwa: usisukutue kwa saa 24. Haisemi kwa nini.

Hilo "kwa nini" ndilo linaloniuma. Katazo lisilo na sababu haliwezi kusimama mbele ya mapenzi ya mama.

## Kilichomo shimoni

Gego la mwisho la chini likitoka huacha shimo ndani ya mfupa wa taya. Shimo hujaa damu, damu huganda, na lile donge jekundu linaloelekea weusi ndilo bendeji. Hakuna bendeji nyingine. Linafunika mfupa na neva zilizobaki wazi, na ndani yake ndimo nyama changa inamoanza kuota. Wiki moja ikipita, nyama hiyo imeshaanza kulichukua shimo. Ufizi hufunga juu yake katika wiki tatu au nne hivi. Mfupa wenyewe huenda polepole, miezi kadhaa, bila mtu kuuhisi.

Lakini saa 24 za kwanza donge halijashika. Limekaa pale kama uji ulioanza kuganda bakulini: ukiutikisa unapasuka.

Ukishalijua hilo, karatasi nzima inasomeka. Kusukutua hulisukuma donge. Kutema hulivuta, kwa sababu kabla ya kutema mdomo hunyonya kwanza. Mrija hunyonya pia. Sigara hunyonya, na juu ya hapo nikotini hubana mishipa midogo inayotakiwa kuleta damu mahali pale. Kuinua mzigo hupandisha presha ya damu, na shimo lililokuwa limetulia huanza kuvuja upya. Ncha ya ulimi, ambayo haiachi kupeleleza, hulichokoa.

Kati ya hayo, la sigara ndilo lenye ushahidi mzito kuliko yote. La mrija limesimama zaidi juu ya tahadhari. Bado ningelifuata, maana kunywa kwa kikombe hakumgharimu mtu chochote.

## Kuuma, na kuuma sawasawa

Kile kipande cha shashi, ambacho wengi hukiita pamba, hakiwekwi mdomoni kifyonze damu. Kinawekwa kikandamize. Anayedhani ni cha kufyonza atakitoa kila kikilowa. Anayejua ni cha kukandamiza atauma na kutulia.

Dakika 30 hadi 45 bila kuachia, kwa nguvu ya wastani.

Mambo matatu huharibu. La kwanza ni kuchungulia: kila shashi inapotolewa hubandua utando uliokuwa umeanza kuganda, na hesabu inaanza upya. La pili ni simu. Ndugu wanapiga kuuliza hali, mgonjwa anajibu kwa adabu, na taya linafunguka mara mia. Shangazi hatakasirika akijibiwa kwa ujumbe. La tatu halionekani: shashi imekalia jino la jirani, na shimo lenyewe halijaguswa. Gego la mwisho liko nyuma kabisa. Shashi ikunjwe iwe nene kama ncha ya kidole gumba, isukumwe mpaka nyuma, ndipo meno yafungwe juu yake. Ukiuma na usihisi mgandamizo pale pale shimoni, haijafika.

Damu ikiendelea, chukua shashi safi, ilowanishe kidogo kwa maji na uikamue, maana kavu hunata kwenye donge. Uma tena dakika 30 kamili, kwa saa ya ukutani. Shashi ikiwa imeisha, mfuko mmoja wa majani ya chai nyeusi hufanya kazi hiyo: uchovye kwenye maji, uache upoe, ukamue, uume. Tanini iliyomo kwenye chai husaidia mishipa midogo kunywea. Lazima yawe majani yaliyo ndani ya mfuko. Yale ya kumwaga kwenye sufuria yataingia shimoni na kuleta kesi nyingine.

Usilale na shashi mdomoni. Usingizi ukikolea, inaweza kuteleza ikaziba koo.

Na kuhusu mate mekundu: tone moja la damu hutosha kulipaka rangi fungu zima la mate. Mate ya rangi ya waridi mpaka kesho yake asubuhi ni ya kawaida. Tandika taulo kuukuu juu ya mto. Kisicho cha kawaida ni mdomo kujaa damu mbichi, au mabonge kama maini, baada ya kuuma nusu saa mara mbili. Hapo safari ni ya kurudi kwa daktari.

## Mate yaende wapi basi?

Hapa ndipo nadhani karatasi nyingi humwacha mgonjwa njia panda. Ameambiwa asiteme. Mdomo umejaa mate yenye ladha ya chuma. Kumeza damu, kwa walio wengi, ni jambo la kutia kinyaa, na hata bila kinyaa, damu nyingi tumboni huleta kichefuchefu. Kutapika nako kunapandisha presha ile ile tunayoikimbia.

Kidogo kikimezwa hakidhuru. Kingine kidondoshwe: inama juu ya sinki au beseni, fungua mdomo, acha mate yaanguke yenyewe. Pangusa kwa tishu. Maji ya kunywa yafanye vivyo hivyo, kwa kikombe, polepole.

Hilo ni sentensi moja tu. Ningetamani kuiona kwenye kila karatasi.

## Dawa iingie kabla ya maumivu

Ganzi ya taya la chini huweza kukaa saa tatu mpaka tano. Katika muda huo mgonjwa anajiona shujaa, na dawa imebaki kwenye bahasha ya kaki. Kisha, mahali fulani kati ya foleni ya matatu na mlango wa nyumba, ganzi inaisha yote kwa pamoja. Kidonge kinachomezwa wakati huo kitachukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, na nusu saa hiyo ni ndefu.

Dozi ya kwanza inywewe mdomo ukiwa bado mzito.

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, mpango unaofanya kazi vizuri ni wa dawa mbili pamoja: ibuprofeni miligramu 400 na paracetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya 500. Njia zao ni tofauti, na zikishirikiana hushinda kila moja ikiwa peke yake. Ibuprofeni hurudiwa kila baada ya saa 6 hadi 8, baada ya kula, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila daktari kusema. Paracetamoli hurudiwa kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Siku mbili au tatu za kwanza zinywewe kwa saa, hata kama maumivu yametulia. Yametulia kwa sababu zinanywewa.

Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizi, mjamzito, au anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, asiguse ibuprofeni mpaka aulize. Anayetumia aspirini ya moyo asiiache kwa kujiamulia. Daktari wa meno aambiwe kabla ya siku ya kung'oa.

Kosa la kwenye kemisti ni hili: mtu ana ibuprofeni nyumbani, anaeleza maumivu dirishani, anapewa diklofenaki, anakunywa zote mbili. Hizo ni ndugu wa tumbo moja. Kuziunganisha hakuongezi nafuu ya maana, kunaliongezea tumbo na figo mzigo. Pia geuza pakiti za vidonge vya kichwa usome nyuma. Vingi vina paracetamoli ndani, vingine vina aspirini, na dozi inajirudia bila mtu kujua.

Antibiotiki zikiandikwa, zimalizwe. Zisipoandikwa, zisinunuliwe. Si dawa ya maumivu wala ya uvimbe wa kawaida. Na aliyepewa metronidazoli akae mbali na pombe mpaka dozi iishe na siku mbili tatu zipite.

## Ijumaa ni siku mbaya

Wengi huchagua Ijumaa mchana. Hesabu inaonekana nzuri: nitapumzika Jumamosi na Jumapili, Jumatatu niko kazini.

Hesabu hiyo imesahau kwamba uvimbe haufiki kileleni siku ya kwanza. Unapanda polepole na kufika juu kabisa siku ya pili na ya tatu, yaani Jumapili na Jumatatu. Siku ambayo uso umejaa kuliko siku zote ndiyo siku ya kikao cha asubuhi. Na matatizo yanayohitaji mkono wa daktari huanza mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, kwa hiyo ya kwanza yataangukia Jumapili, kliniki zimefungwa.

Jumatatu au Jumanne, asubuhi. Damu ikigoma kukata, daktari bado yuko pale mchana. Kilele cha uvimbe kitaangukia katikati ya wiki, milango ikiwa wazi. Mwisho wa wiki uso utakuwa unashuka.

Kuna swali la ruhusa kazini, na najua kwa wengi ndilo linalosukuma watu kwenye Ijumaa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Omba cheti siku ile ile, ukiwa bado kliniki. Kikiandikwa siku tatu, hazijazidi.

Aliyepewa dawa ya kusinzia asirudi peke yake, asiendeshe gari kwa saa 24, na asipande bodaboda. Na kwa wanaoishi kule mtaa wa Pipeline na kwingine ambako maji hupandishwa ngazi kwa mtungi: mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Jaza kila chombo siku moja kabla. Kwa siku nne tano za mwanzo mtungi ubebwe na mtu mwingine. Gym nayo ingoje wiki.

## Barafu stima ikipotea

Baridi juu ya shavu hufaa katika saa 24 hadi 48 za mwanzo: dakika 15 hadi 20, pumzika muda kama huo, rudia ukiwa macho. Isiguse ngozi moja kwa moja. Kitambaa kikae katikati. Pakiti ya nusu lita ya maziwa iliyogandishwa hukaa shavuni vizuri kuliko vipande vya barafu vyenye kona. Gandisha mbili, moja ipumzike mwenzake akifanya kazi.

Asiye na friji anunue soda au maji ya chupa kwenye friji ya duka la mtaani, aizungushie kitambaa. Stima ikipotea mtaa mzima, kitambaa kilichochovywa maji ya bomba katika baridi ya Julai kinasaidia kuliko kutofanya kitu.

Baada ya siku mbili geuza: kitambaa cha uvuguvugu, dakika 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu siku ya nne haiondoi uvimbe uliokwisha kujaa.

Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu, usiku mbili tatu za kwanza. Alama nyeusi au ya kimanjano ikitokea shavuni au kushuka mpaka shingoni, ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Itapotea yenyewe.

## Sahani

Siku ya kwanza, ganzi ikiwa bado ipo, usile kitu cha kutafuna. Mtu anaweza kujitafuna mdomo au ulimi bila habari, na kidonda hicho kitamsumbua kuliko shimo lenyewe. Ganzi ikiisha: maziwa baridi, mala, parachichi lililopondwa, ndizi mbivu iliyopondwa, supu ya mifupa iliyochujwa na kupoa. Kwa kijiko, upande usio na shimo. Chai haikatazwi. Iwe ya kupoa siku hiyo ya kwanza, kwa sababu joto huilegeza damu iliyoanza kuganda.

Uji unafaa, lakini tazama unga wake. Wimbi uliosagwa kwa ukali huacha chembe zinazozama moja kwa moja shimoni. Upitishe kwenye chujio la chai.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu: viazi vilivyopondwa kwa maziwa, malenge, mayai ya kuvuruga yaliyoiva kwa ulaini, ndengu zilizochemshwa zikalainika na kupondwa. Mtu akiwa na njaa ya kweli, ndengu na parachichi ndizo zitakazomshibisha. Mala peke yake haimfikishi jioni.

Vyakula vinavyodanganya ni vile vinavyoonekana laini. Mukimo ni laini, mpaka punje nzima ya mahindi ikuponyoke. Uupike wa viazi na malenge, mahindi yangoje. Wali ni laini, na kila punje ina umbo kamili la kuingia shimoni na kukataa kutoka. Maji ya pasheni yana mbegu, yachujwe. Ugali uliosongwa laini na kuchovywa kwenye mchuzi unaweza kurudi siku ya nne au ya tano, tonge ndogo. Mkavu wa kukatwa kwa kisu unataka taya lenye nguvu, na taya hilo bado halipo.

Chapati, githeri, mahindi choma, njugu, krispsi na nyama choma vingoje wiki mbili.

Taya kukaza ni sehemu ya mambo. Mdomo usio na tatizo huingia vidole vitatu vilivyosimama wima. Kwa wiki ya kwanza huenda kikaingia kimoja au viwili. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, baada ya kitambaa cha uvuguvugu, fungua taratibu mpaka pale panapovuta, shikilia kidogo, funga. Rudia mara chache kila unapofanya, na ufanye hivyo mara nyingi kwa siku. Kila siku ipate nafasi kidogo zaidi. Ikianza kupungua badala ya kuongezeka, mwone daktari.

Kupiga mswaki kusiachwe. Meno mengine yapigwe tangu usiku wa kwanza au asubuhi ya pili, kwa mswaki laini, ukikaa mbali na shimo, na povu lidondoshwe kama mate. Mdomo mchafu kwa siku tatu ni mwaliko kwa wadudu.

Miraa na sigara zingoje. Saa 72 ni kiwango cha chini, wiki ni salama zaidi. Majani ya miraa yanayosagwasagwa shavuni kwa saa nyingi yapo mahali pale pale pasipotakiwa kuguswa.

## Kikombe kinaporudi

Jino limetoka Jumanne saa nane mchana. Basi maji ya chumvi yaanze Jumatano saa nane mchana. Ningemwomba kila mgonjwa aandike saa hiyo juu kabisa ya karatasi, kwa kalamu nene, na karatasi ibandikwe kwenye mlango wa friji. Mama akija na kikombe usiku wa Jumanne, karatasi itamjibu kabla ya mgonjwa, na atajua kwamba hajakataliwa. Ameombwa arudi kesho.

Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu. Vuta funda, laza kichwa upande wa shimo, hesabu mpaka thelathini, laza upande wa pili, fungua mdomo, acha yaanguke. Hakuna kusukutua kwa nguvu. Mara nne au tano kwa siku, na daima baada ya kula. Chumvi zaidi haileti nafuu zaidi, inachoma tu.

## Kitu cheupe

Siku ya tatu hivi, mtu anawasha tochi ya simu, anafungua mdomo mbele ya kioo, anaona kitu cheupe kinachoelekea unjano kimefunika shimo. Anashtuka: usaha.

Mara nyingi si usaha. Ni utando wa uponyaji, ule ule ambao ungekuwa gaga kama kidonda kingekuwa gotini. Mdomoni umelowa, ndiyo maana ni mweupe na laini. Wengi huukwangua kwa kijiti cha pamba wakidhani wanasafisha, na hapo wanaondoa kilichokuwa kinawaponya.

Nimejiuliza sana mtu wa kawaida atatofautishaje hilo na shimo kavu, yaani lile lililopoteza donge lake, na jibu linaloaminika halipo kwenye kioo. Lipo kwenye mwendo wa maumivu.

Kidonda kinachopona huuma kidogo zaidi siku ya pili au ya tatu pamoja na uvimbe, kisha hushuka. Shimo kavu hufanya kinyume: nafuu ilikuwa imeanza, halafu kati ya siku ya pili na ya nne maumivu yanarudi kwa kishindo, mazito, yanapanda mpaka sikioni na kwenye upande wa uso, dawa zilizokuwa zinatosha hazitoshi tena, na mdomo unatoa harufu na ladha mbaya. Donge limepotea, na mfupa umebaki wazi. Kwa meno ya kawaida huwapata wawili mpaka watano hivi katika kila watu mia. Kwa magego ya chini yaliyojificha mfupani ni zaidi ya hapo sana, na wavutaji sigara wako mbele ya foleni. Vidonge vya kupanga uzazi navyo huongeza uwezekano.

Tiba ni fupi. Daktari huosha shimo na kuweka dawa ndani, mara nyingi yenye eugenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Kwa wengi maumivu hupungua siku hiyo hiyo. Karafuu ya Pemba ina heshima yake kwenye meno, na ni halali yake. Lakini mafuta mabichi yakimiminwa shimoni nyumbani huchoma nyama, na karafuu iliyotwangwa huacha vipande. Nenda ukawekewe. Kuvumilia wiki nzima ukidhani ndiyo kawaida ya magego ni kuteseka bure.

## Yasiyongoja asubuhi

Uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne, homa ya kufika nyuzi 38, usaha wenye ladha ya chumvi na uchungu: siku hiyo hiyo, kwa daktari aliyeng'oa.

Uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi unaonyanyuliwa juu, kushindwa kumeza mate yako mwenyewe, sauti inayobadilika, pumzi inayokuwa nzito: si kliniki tena, ni idara ya dharura, usiku huo huo. Hospitali ya Kenyatta haifungwi. Maambukizi yaliyoshuka chini ya ulimi huweza kuziba njia ya hewa kwa saa chache.

Mdomo wa chini au ulimi ukiwa bado na ganzi kesho yake asubuhi, mpigie daktari. Neva hupita karibu sana na mizizi ya gego la chini. Mara nyingi hisia hurudi kwa wiki au miezi, lakini inatakiwa iandikwe na kufuatiliwa tangu mwanzo.

Na kwa gego la juu, ambalo hutajwa kidogo: juu yake kuna uwazi wa hewa unaoungana na pua. Usipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili, na chafya itoke mdomo ukiwa wazi. Maji unayokunywa yakitokea puani, rudi.

## Bomba la mililita 10

Wiki ya kwanza ikiisha, watu wengi huacha kila kitu. Maumivu yamekwisha, uvimbe umeshuka. Shimo la chini bado lipo, na kila mlo unaacha kitu ndani yake.

Kemisti huuza bomba la sindano la mililita 10 au 20 bila sindano. Baadhi ya kliniki hutoa lenye ncha iliyopinda, nalo ni bora zaidi. Kuanzia siku ya tano hadi ya saba, kulingana na alivyosema daktari, lijaze maji ya chumvi ya uvuguvugu, inama juu ya sinki, weka ncha kwenye mlango wa shimo bila kuizamisha, sukuma taratibu. Mara ya kwanza hutisha. Kinachotoka hushangaza: kipande cha yai la juzi, nyuzi za sukuma wiki, chembe za unga. Tone la damu likitokea, punguza nguvu, usiache.

Baada ya kila mlo ukiweza, na lazima kabla ya kulala. Wiki ya pili maji bado yatarudi na vitu. Wiki ya tatu vitapungua, na bomba litaanza kuingiza maji kidogo kuliko mwanzo. Inakuja siku maji yanarudi kama yalivyoingia, mlo baada ya mlo, na ncha haipati tena pa kukaa.